Vibonyezo vya Mkaa

Malangali, Sumbawanga
2 Februari 2025

Mpendwa Mjomba Oswaldi,

Shikamoo. Huku tupo. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, likishapata jua linatulia. Mvua haijatupumzisha tangu Krismasi, na shamba la Kasense tumelipalilia mara mbili lakini magugu yanarudi kama vile hatukufika. Mdogo wangu Bertha anakusalimu, anasema bado unadaiwa ile hadithi ya fisi. Mimi nimeingia kidato cha tatu. Fizikia nimeiacha. Usimwambie mtu kwamba nilifurahi.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo moja. Tangu ulipohamia kwa mwanao Dada Mary mwezi wa tisa, kinanda cha kanisani hakina mwenyewe. Leonsi wa kinanda cha umeme anakuja Jumapili anazotaka. Jumamosi iliyopita, Mwenyekiti wa kwaya, Mzee Theodory, alisema mbele ya wote, "Mpwa wa Oswaldi si alikuwa anafundishwa? Apewe yeye." Nilikuwa nimejificha nyuma ya waimbaji wa besi. Wakanigeukia wote. Mjomba, unajua nikitazamwa na watu sauti inakauka. Nilinyamaza, na ukimya wangu ukaandikwa kwenye daftari la kwaya kuwa ni ndiyo.

Amenipa hadi Misa ya Kipaimara, tarehe sita Julai, Askofu atakapokuja. Nikiweza, kinanda ni changu. Nikishindwa, wanamchukua Leonsi moja kwa moja, na kile kinanda chako cha kukanyaga, kisichotaka umeme, kinapelekwa stoo, maana yeye hakigusi.

Nataka kuweza. Nikikaa kwenye kinanda watu wanaona mgongo wangu, si uso, na mgongo wangu hauna aibu.

Nafuata lile daftari la mazoezi uliloniandikia kwa mkono. Nimefika ukurasa wa kumi na mbili.

Mpwa wako,
Dominika


Kaengesa
1 Machi 2025

Dominika,

Marahaba. Barua yako ililala kwenye mkoba wa Mary wiki tatu, pamoja na madaftari ya wanafunzi wake. Nimeisoma mara mbili. Maharage huku yameota vizuri, panya nao wameota vizuri. Mwambie Bertha fisi yupo, anamsubiri.

Theodory amefanya jambo la maana kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane. Usimwambie nimesema.

Sasa sikiliza. Kata kucha. Viganja viwe kama vimeshika yai. Soma nota kwenye karatasi, usikariri. Na usijifunze kwenye simu kama Leonsi. Simu imemfundisha, ndiyo maana anapiga kinanda kama mtu anayetafuta namba ya mtu. Kinanda kinajifunzwa kwa sikio, mwalimu akiwa pembeni anasikia unapokosea.

Mimi kuja huko kwa sasa sitaweza. Usinipigie simu pia, mtandao wa huku ni wa kupanda juu ya kichuguu. Andika. Karatasi haikatiki katikati.

Mjomba wako,
Oswaldi


Malangali
23 Machi 2025

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mama amepata dawa ya kuchua, nyumba nzima inanuka karafuu. Bertha amekuwa wa tatu darasani na anatembea kama waziri.

Mama alikupigia Jumapili mbili kwa simu ya Dada Mary. Mara zote mbili Dada Mary alisema uko shambani. Mara ya pili mvua ilikuwa inapiga bati kwenu, tuliisikia, na nyuma ya mvua kuna mtu alikohoa kikohozi chako. Mtandao ulikuwa safi kabisa. Mama alicheka, akasema, "Kaka amechoka na sisi." Mimi sikucheka.

Kama tumekukosea, niambie mimi. Watu wa kwaya bado wanasema uliondoka kwa hasira juu ya Mzee Theodory. Wanakumbuka Jumapili yako ya mwisho, kwaya ilipomaliza wimbo wa shukrani na wewe ukapiga ubeti mzima peke yako, na Mzee Theodory akabaki amesimama mikono juu. Wanasema ulikuwa unamkomoa.

Nimeweka kadi ya memori ya simu ndani ya bahasha. Niliegemeza simu ya Mama kwenye vitabu vya nyimbo nikajirekodi mikono: wimbo wa mwanzo, wa matoleo na wa shukrani. Naomba uisikilize kwenye simu ya Dada Mary uniambie ukweli. Zimebaki wiki kumi na tano. Nimezihesabu kwenye kalenda ya Moyo Mtakatifu ukutani.

Dominika


Kaengesa
30 Aprili 2025

Dominika,

Heri ya Pasaka, ingawa imeshapita. Tumechuma maharage, magunia mawili na nusu. Mary hajambo.

Nimetazama video zako. Mkono wa kulia ni mzuri. Wa kushoto una uvivu, kidole cha nne kinalala. Wimbo wa shukrani umeuweka mara mbili. Katika ile ya kwanza, baada ya ubeti wa pili, mabega yako yalishuka na vidole vikatembea bila woga. Hapo ndipo ulipopiga vizuri kuliko pengine pote. Piga hivyo siku zote.

Hayo ndiyo mazuri. Sasa nikuulize. Karatasi ya wimbo wa mwanzo imeandikwa Do ni D, yaani Do inakaa kwenye kibonyezo cha D. Hapo kuna vibonyezo vyeusi viwili. Wa matoleo Do ni E, vyeusi vinne. Wa shukrani Do ni A, vyeusi vitatu. Wewe umepiga nyimbo zote tatu na hukugusa cheusi hata kimoja. Kwenye daftari langu cheusi cha kwanza kipo ukurasa wa nne. Uliniandikia kwamba umefika wa kumi na mbili.

Nani anakufundisha?

Oswaldi


Malangali
4 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nne. Tatu zipo chini ya godoro.

Nilikudanganya. Daftari lako nilifika ukurasa wa tatu nikakwama. Umeandika "endelea kama nilivyokuonyesha", na wewe hukuwepo kunionyesha. Nilikaa na ukurasa ule wiki nzima. Nikaanza kutazama masomo ya kinanda mtandaoni, kwa bando la Mama. Anayefundisha ni kijana mmoja wa Dar, uso wake hauonekani, ni mikono tu, na kidole chake cha mwisho kina kucha ndefu. Najua utakachosema kuhusu kucha.

Nilijua unachukia mambo hayo, ndiyo maana nilificha. Lakini Mjomba, niseme na upande wake. Namrudisha nyuma mara ishirini na haguni. Namsimamisha vidole vikiwa hewani, navihesabu. Hanitazami. Nikikosea hakuna anayejua, kwa hiyo nathubutu kukosea. Mimi darasani sijawahi kunyoosha kidole mwaka huu, lakini kwake nimeuliza maswali mengi, ingawa hayasikii.

Ubaya wake ndio huohuo. Hayasikii. Alisema kinanda cha umeme kina kitufe cha transpozi, ukikibonyeza kinanda chenyewe kinapandisha au kushusha sauti, wewe unapiga vyeupe tu kwa kila wimbo, kama vile Do ni C siku zote. Nilidhani ndivyo wote wanavyofanya. Wewe ndiye uliyeona.

Nisamehe. Sasa kuna jambo jingine.

Ule wimbo wa shukrani wa kwanza nilisahau kuufuta. Ile sehemu uliyoisifu, baada ya ubeti wa pili. Mjomba, hapo umeme ulikuwa umekatika. Kinanda hakikuwa kinalia. Niliendelea kupiga vidole tu hadi mwisho ili nisipoteze hesabu, na nilitulia kwa sababu hakuna aliyekuwa anasikia.



Dominika


Malangali
1 Juni 2025

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Dada Mary alikuja jana. Nilikimbilia mkoba wake kabla hajakaa. Hakukuwa na barua. Nikamuuliza, "Mjomba amesoma?" Akasema, "Amesoma." Nikauliza, "Akasemaje?" Akasema, "Maji ya kunywa yapo wapi?"

Kama nimekuumiza, sikukusudia. Nilipaswa kuifuta video ile, au nilipaswa kunyamaza. Kunyamaza ndicho kitu ninachokiweza, sijui kwa nini safari hii nilishindwa.

Shule inafungwa Ijumaa. Mzee Theodory amemwambia Leonsi awe tayari kwenye benchi la mbele siku ya Kipaimara, "endapo mtoto atazimia." Waliokuwepo walicheka. Leonsi pia alicheka, kisha akaniambia kwa upole, "Dogo, usiogope, transpozi ipo." Sijaigusa tangu barua yako. Bila hiyo nina wimbo mmoja na nusu tu.

Dominika


Kaengesa
8 Juni 2025

Dominika,

Marahaba ya barua mbili. Ulezi tumeanza kukata. Upepo wa mwezi huu unapita hadi kwenye mifupa.

Mary amefunga shule, nimempa kazi. Nimechukua ubao wa kitanda cha zamani, nikapima kwa rula yake, nikachora vibonyezo vyote kwa mkaa, vyeusi kwa vyeupe, ukubwa uleule wa kinanda cha kukanyaga. Kinanda chenyewe huku hakuna. Mary ameshika simu juu ya mikono yangu. Memori ina video nne: kiwango cha D, cha E, cha A, na wimbo wa matoleo wote, taratibu. Fanya kama unavyomfanyia huyo kijana wako. Nirudishe nyuma mara ishirini. Nami sitaguna.

Mary amenionyesha masomo ya huyo kijana. Nimemtazama siku tatu. Ana mkono mzuri, na kidole chake cha nne hakilali. Nilimsema vibaya bila kumjua. Lakini wewe fanya mazoezi kwenye kinanda cha kukanyaga, si cha umeme. Kile hakina kitufe cha kukubebea mzigo. Wimbo wa Do ni E ukiupiga Do ni C, besi watachimba shimo waingie.

Hayo mengine uliyoandika, nimeyasoma.

Oswaldi


Malangali
22 Juni 2025

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nakwenda kanisani kila siku baada ya kutoka shambani. Mlinzi ananifungulia, kisha anajifanya anafagia ili asikie.

Video zako nimezitazama mpaka Bertha naye anavichezesha vidole kwenye meza ya kulia, na Mama anamwambia aache kupigia ugali muziki. Ndani yake nasikia kuku, upepo, na Dada Mary akipiga chafya. Kinanda hakuna, ni ncha za vidole vyako tu kwenye ubao. Lakini jana, kwenye wimbo wa matoleo, nilijikuta naisikia sauti yote, hata ya besi. Sijui kama kitabu chochote kimeeleza jambo hilo. Nitatafuta maktabani.

Kile cheusi cha kidole cha nne ulikionyesha mara tatu na kukigonga kwa nguvu. Nilijua unaniambia mimi. Kijana wa Dar hajawahi kuniambia mimi.

Mzee Theodory aliniuliza jana, "Mjomba wako bado ananinunia?" Nilitazama viatu vyangu. Mjomba, si langu kusema. Lakini nilimwona anavyosubiri jibu.

Njoo tarehe sita. Nimekuwekea nafasi pembeni ya kinanda. Nisipokuona sijui kama mabega yatashuka.

Dominika


Kaengesa
29 Juni 2025

Dominika,

Nimekaa na kalamu tangu asubuhi.

Sikumnunia Theodory. Ile Jumapili nilipiga ubeti mzima peke yangu kwa sababu sikujua kwamba wameacha. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, nilipokiinua nikaona midomo yote imefungwa na watu wananitazama. Lilianza sikio la kushoto, miaka minne iliyopita. La kulia likafuata. Hospitali walisema la kulia limebakiza kidogo, na kidogo hicho ni kwa ajili ya radi.

Nilipokuandikia kwamba kinanda kinajifunzwa kwa sikio, nilikuwa najiandikia mwenyewe. Watu wakidhani nimekasirika naona afadhali. Mtu mwenye hasira anaheshimiwa. Kiziwi anapigiwa kelele kama mbuzi aliyeingia shambani.

Kuja sijui. Watanisalimia, nitajibu kitu kingine, na watacheka siku ya watoto wa watu. Usiniwekee nafasi.

Mama yako usimwambie. Au mwambie. Amua wewe.

Oswaldi


Malangali
7 Julai 2025

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mama nimemwambia. Akasema, "Na mimi nikamcheka kwenye simu."

Nikueleze jana, kwa kuwa nafasi yako ilibaki wazi na nililazimika kuitazama.

Wimbo wa mwanzo niliupiga kwenye kinanda cha umeme, ndivyo Mzee Theodory alivyotaka mbele ya Askofu. Bila transpozi. Ulipita salama. Mwanzoni kabisa mwa matoleo umeme ukakatika. Jenereta ya parokia ilivutwa kamba mara saba, ikagoma. Watoto wa Kipaimara walikuwa wamesimama na vikapu na ndizi na jogoo mmoja. Mzee Theodory alimtazama Leonsi. Leonsi alikitazama kinanda cha kukanyaga, kisha akainua mikono kidogo na kusema kwa sauti ya chini, "Mzee, mimi kile sikiwezi." Wote wakanigeukia, Mjomba, kanisa zima, na safari hii ni uso, si mgongo.

Nilihama kiti. Nikakanyaga. Kidole cha kwanza kikaenda kwenye C kwa mazoea ya zamani, na besi mmoja nyuma yangu akaguna, "Tunachimba shimo." Nikaacha kupiga. Hata jogoo alisikika akijikung'uta. Nikafumba macho, nikauona ubao wako na mkaa uliosambaa pembeni ulipoupangusa kwa kiganja. Nikaanza upya, Do ni E, vyeusi vinne. Wakaingia. Tukaenda hadi mwisho, na wa shukrani pia.

Nilimaliza pamoja nao. Nilitaka ulione hilo.

Mzee Theodory hakunisifu. Aliufuta ubao wa kinanda chako kwa kitambaa chake cha mfukoni, akaniambia, "Jumamosi, saa tisa, usichelewe." Hakuna aliyetaja stoo.

Sikuoni vibaya kwa kutokuja. Nilitaka tu kujua nikutazame wapi.

Dominika


Kaengesa
20 Julai 2025

Mpwa wangu Dominika,

Marahaba. Ulezi upo ghalani. Mama yako nimepata barua yake, ina kurasa sita, sikujua anajua kuandika kiasi hicho.

Nilikuja. Nilisimama nje, dirisha la kushoto, nimevaa koti la mvua la Mary na kofia yake, upepo ukinipiga kama mwizi. Upande ule mikono yako yote inaonekana. Ulipohama kiti nikajua umeme umekatika. Ulipoweka kidole kwenye C nilipiga ngumi ukuta, muulize Mary. Ubeti wa pili kidole cha nne kililala kidogo. Mwishoni mikono yako ilipoinuka, midomo yao yote ilifungwa. Wakati huohuo. Nililiona hilo.

Nilitaka kuondoka kabla watu hawajatoka. Theodory akanikuta kwenye pikipiki iliyotuleta. Midomo yake ilisema mengi. Zamani ningetazama pembeni akadhani nimenuna. Nikamwambia, na Mary anasema niliongea kwa sauti iliyogeuza vichwa hadi sokoni, "Theodory, sisikii. Simama mbele yangu, sema taratibu, nikuone mdomo."

Akaja mbele. Akasema taratibu, "Ile Jumapili?" Nikaitikia kwa kichwa. Akavua kofia yake, akasimama hivyo muda mrefu kwenye baridi ile, mzee na upara wake.

Nitakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Uweke kiti upande wa kushoto. Na huyo mwalimu wako wa Dar, kama kuna mahali pa kumwandikia, mwambie mzee mmoja wa Ufipa anamsalimu, amejifunza kwake mambo mawili: kufundisha kwa mikono tu, na kutoguna.

Ila akate kucha.

Mjomba wako,
Oswaldi